Siku Tisa

Alikuja siku tisa baada ya mwaka.
Mimi ndiye ninayepokea simu na watu
katika ofisi ya Petrakis, Horsham, juu ya duka la miwani.
Nilimsikia kwenye ngazi kabla sijamwona,
buti za shamba, boksi la viatu kifuani,
na ndani yake stakabadhi za dizeli, za chanjo ya kondoo,
miaka kumi na tisa ya mwandiko wake ulioinamia kushoto,
na hati moja ya talaka iliyokunjwa mara nne,
kama kitu usichotaka kukiona unapotafuta kingine.

Petrakis akasoma tarehe.
Akairudia, labda wino ungemwonea haya.
"Merrin, talaka yako ilianza kufanya kazi tarehe tatu Februari."
"Najua."
"Leo ni tarehe kumi na mbili, mwaka umepinduka."
"Najua pia. Ila kwanza kulikuwa na kupanda."

Kwanza kupanda. Mvua imeshuka, alisema Garth,
ngano haingoji mtu, sisi tunaweza kungojana,
haraka ya nini, shamba halina miguu.
Kisha kukata manyoya, na wakataji tisa wa kulishwa,
na nani angewapikia, kama si yeye,
ambaye tayari alikuwa mpangaji kwenye chumba nyuma ya duka la mikate?
Kisha mama yake Garth akavunjika nyonga.
Supu ilipelekwa hospitali kila Alhamisi.
Ilipelekwa na mtalaka.
Kisha mavuno, kisha joto la Januari
ambalo hata kasuku hushuka kwenye nyaya wakanyamaza.

Subira huvuta heri, huambiwa anayengoja.
Haambiwi inavutwa kuelekea ua wa nani.

Mali nayo ina eda yake, ila hii imegeuzwa:
unaikaa miezi kumi na miwili,
na ikiisha huachiwi huru,
unafungiwa nje.

"Kuna njia mbili," alisema Petrakis,
na nilimjua, sauti hiyo huitoa njia zikiwa nyembamba.
"Garth akiridhia, tunaendelea kama kawaida.
Asiporidhia, tunaiomba mahakama ruhusa,
tuthibitishe dhiki utakayoipata ukinyimwa."
"Garth ataridhia," alisema Merrin, haraka mno,
akapiga simu pale pale, mezani kwangu,
kidole kikichezea kifuniko cha boksi.

Simu iliita muda mrefu.
Nilisikia injini, mbwa, mlango wa pikapu.
Nilisikia sauti ya mwanamume, si ya ukali hata kidogo,
sauti ya mtu anayekujulisha bei ya mbolea:
"Zungumza na wakili wangu, Merrin."

Hakujua kwamba ana wakili.
Wakili alikuwepo tangu Machi. Hilo tulilipata baadaye.
Mmoja alihesabu kondoo, mwingine alihesabu siku.

Sijawahi kuona mtu akikaa vile.
Hakulia. Alifungua boksi, akaanza kupanga stakabadhi kwa miaka,
mwaka wa ukame peke yake,
mwaka wa wanakondoo kumi na wanne jikoni kando ya jiko,
akiwapa chupa usiku, saa nane na saa kumi,
na shamba lote kwa jina la mtu aliyelala.

Alasiri tuliandika kiapo. Yeye anasema, mimi nachapa.
*Eleza kwa nini ulichelewa.*
Akatazama dirishani, magari ya nafaka yakipita.
"Andika kwamba aliniomba vizuri."
Petrakis akasema tuweke namna nyingine,
tuweke tarehe, tuweke ujumbe wa simu kama upo.
Ulikuwepo. Kumi na mmoja.
Wa mwisho, wa Januari tarehe ishirini na tisa:
*Wiki ijayo hakika. Ahsante kwa supu.*

Niliuchapa kama ulivyo.
Saa kumi na moja akashuka ngazi,
boksi akaliacha kwetu, jepesi, tupu,
kisha akarudi kulichukua.
Lilikuwa boksi zuri, alisema.
Hakuwa na jingine.